Kidole cha Bi. Sikudhani

Nchi yetu sitaitaja jina. Si kwa woga, ni kwa sababu jina lenyewe liko kwenye uhakiki tangu mwaka juzi na sipendi kuvitangulia vyombo husika. Jina langu nalo halina umuhimu. Mimi ni karani wa masjala katika Idara ya Mashaka, ninatunza mafaili, na karani wa masjala hana jina, ana muhuri. Nimeushika muhuri huo miaka ishirini na mitatu bila doa. Kama kuna mtu amekuambia vingine, niletee jina lake na mahali anapoishi.

Idara yetu kazi yake ni kushuku. Mtu akicheka barabarani tunamfungulia faili, akiacha kucheka tunafungua juzuu ya pili. Mkurugenzi wetu ni Mheshimiwa Dokta Simbaulanga. Udokta wake alipewa na chuo ambacho baadaye sisi wenyewe tulikifunga kwa mashaka, lakini ni mtu mwenye akili nyingi. Ndiye aliyegundua kwamba mwananchi asiye na kosa ni mwananchi ambaye bado hajachunguzwa vizuri. Maneno hayo tumeyaweka kwenye fremu pale mapokezi.

Haya. Balaa lilianza na Wiki ya Elimu Haina Mwisho.

Wafadhili wa ng'ambo walituandikia barua wakiuliza wazee wetu wanajifunza nini. Swali la ajabu, maana sisi tulikuwa tunajua kwamba kilichobaki kwa mzee kujifunza ni kufa tu, na hilo halihitaji mwalimu. Lakini barua ya mfadhili haijibiwi hapana. Tukashonesha fulana zilizoandikwa MZEE SOMA, tukaita bendi ya tarumbeta, tukapeleka sanduku la vitabu arobaini vya kusomea vya darasa la kwanza katika Kata ya Saba. Wazee wakapangwa mistari miwili, kila mmoja na kitabu chake, wakapigwa picha. Mzee mmoja alikishika kitabu kichwa chini miguu juu. Dokta Simbaulanga akampongeza kwa kusoma bila ubaguzi.

Kisha akahutubia. "Ndugu wazee," akasema, "elimu haina mwisho. Na kwa kuwa haina mwisho, hakuna haja ya kuharakisha kuianza. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Ninyi mmeshakauka, na serikali inawapenda hivyo hivyo mlivyokauka."

Wazee wakapiga makofi. Tukakusanya vitabu ili viende kupigwa picha kata inayofuata, na mimi mwenyewe nikavihesabu. Thelathini na tisa. Nikarudia, thelathini na tisa.

"Mheshimiwa, kitabu kimoja kimepotea," nikasema.

"Kimepotea, au kimechukuliwa?"

"Kimechukuliwa, mheshimiwa."

"Kimechukuliwa na mtu wa kwenda kukisoma?"

Jamani! Siku hiyo zilipotea fulana sitini na hakuna aliyeuliza, kwa sababu mwizi wa fulana anaeleweka. Mwizi wa kitabu cha darasa la kwanza anataka nini?

Ili uuone uzito wa jambo, lazima nikueleze habari za Wazee wa Ridhaa. Katika nchi yetu serikali haifanyi kitu mpaka wananchi wakubali. Kwa hiyo kila kata ina wazee kumi na wawili, wa miaka sitini na kuendelea, wasiojua kusoma wala kuandika. Sharti hilo la mwisho limo kwenye sheria na lina busara yake, kwani asiyejua kusoma hawezi kuipendelea hati yoyote. Hati ikija, karani wa masjala, yaani mimi, huwasomea. Husoma kwa ufupi, maana wazee huchoka. Kisha kila mmoja anachovya kidole gumba kwenye wino wa zambarau, anaweka dole, anapewa soda na khanga, wanaume kofia, na jambo linakuwa limeridhiwa. Tena sheria yetu ni ya haki. Kifungu cha arobaini kinasema mzee yeyote aliyeweka dole kwenye hati anaruhusiwa kuja masjala kuisoma saa za kazi. Hajawahi kuja hata mmoja.

Mwenyekiti wa wazee wa Kata ya Saba alikuwa Bi. Sikudhani Lukindo, mwanamke wa miaka sabini na miwili, dobi mstaafu wa zahanati. Miaka thelathini alifua mashuka ya wodi ya wazazi kwa magadi na sabuni ya mche, mpaka kidole chake gumba kikaisha mistari. Akiweka dole, kinatoka kiraka cha zambarau kitupu, laini. Nilikuwa nakijua kidole kile kuliko sura yake.

Kitabu alichukua yeye. Alikifunga ndani ya khanga tuliyompa sisi wenyewe.

Taarifa zikatufikia kwamba nyuma ya zahanati, kwenye banda la kufulia, wazee wanakutana kila asubuhi. Wamegeuza sufuria la pilau, wanaandika kwa chokaa kwenye kitako chake chenye masizi. Anayewafundisha ni Mzee Kibwana, mmoja wa wale kumi na wawili, aliyekuwa mchora mabango. Huyu hakupita shule. Alizijua herufi kwa kuzipaka rangi ukutani maisha yake yote, mpaka akaanza kuelewa zinasema nini. Sheria ilikuwa haimjui kuwa anasoma, naye hakuona sababu ya kuiambia.

Dokta Simbaulanga akaamua kupeleka mpelelezi wetu bora, Sajini Machano Tindwa, ajifanye mzee.

Hapa kulikuwa na ugumu wa kiutumishi. Sajini Machano alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita. Alikuwa na miaka hiyo hiyo miaka ishirini iliyopita. Kwetu mtumishi akinusa kustaafu huenda kwa hakimu kuapa kwamba mama yake alikosea mwaka, na Machano alikuwa ameapa mara tatu. Basi tukamwosha ile piko aliyokuwa akipaka nywele kila Ijumaa, tukamvua meno ya mbele, ambayo kumbe hayakuwa yake, tukampa bakora. Mkurugenzi akamzunguka akimtazama. "Mmemzeesha vizuri mno," akasema. "Hata mimi nisingemjua." Tukamwagiza aseme ana miaka themanini na ametoka bara.

Akaenda. Kufika bandani, akamwona Bi. Sikudhani ameketi juu ya ndoo, na kabla hajawaza mdomo ukamponyoka. "Shikamoo, Bi. Sikudhani."

Kwetu mzee wa themanini hampi shikamoo mtu wa sabini na miwili.

"Marahaba, Machano," akajibu Bi. Sikudhani. "Mama yako alikuwa akienda shamba, mimi nakubeba mgongoni. Nilikuwa na miaka saba, wewe miwili. Sasa nasikia una arobaini na sita."

Machano akatazama bakora yake.

"Hesabu tutafundishana baadaye," akasema Bi. Sikudhani. "Kaa mkekani. Umetumwa kupeleleza, peleleza. Ila hapa anayekaa anasoma."

Hayo yote nimeyajua kwenye ripoti zake za baadaye, na hizo ripoti ndizo zilizoleta maneno. Ripoti za Sajini Machano zilikuwa maarufu idarani. Kila moja ilisema hivi: "Mshukiwa alionekana akiwa na sura ya kushukiwa, mahali pa kushukiwa, katika wakati wa kushukiwa." Miaka yote ilikuwa ripoti ileile. Mimi nilijua sababu. Sajini hakuwa anajua kusoma. Aliandikiwa moja alipoanza kazi, akawa anaichora upya kama mtu anayenakili ua la kitambaa, majina nikimjazia mimi. Sikumsema. Masjala ni kutunza siri.

Wiki ya tatu ripoti ikaja kwa herufi kubwa, nene, kila moja ikiwa na kivuli upande wa kulia, kama bango la duka. Ilisema: LEO TUMESOMA MBWA MKALI. Ya pili yake: USIKOJOE HAPA. Na ya tatu: NYUMBA HII HAIUZWI.

Dokta Simbaulanga alizipokea kwa hofu. "Hizi zinaeleweka," akasema. "Ripoti inayoeleweka imeandikwa na adui." Akaitisha kikao cha dharura, wataalamu watano, chai na sambusa, mimi nikiandika muhtasari.

"Hayo ni mafumbo," akasema. "Tuyafumbue. Mbwa mkali ni nani?"

Wote chumbani wakainamia sambusa zao, kwa sababu walikuwa wanamfikiria mtu mmoja.

"Tuliache hilo," akasema Mkurugenzi. "Nyumba ni nini?"

"Nyumba ni nchi, mheshimiwa," akasema mtaalamu mmoja, aliyesomea mafumbo ng'ambo.

"Kwa hiyo wanasema nini?"

"Wanasema nchi haiuzwi."

"Uhaini," akasema Mkurugenzi, akaweka sambusa chini.

Sasa wewe na mimi tunajua kwamba maneno hayo yamepakwa kwenye kuta za nyumba nusu ya mji, kuwazuia matapeli wasiuze nyumba ya mtu akiwa safarini. Mzee Kibwana alikuwa anafundisha alichokijua, basi. Lakini sikusema neno. Katika idara yetu anayejua jibu huulizwa amelijuaje.

Wiki ya tano ndipo ikaja ripoti ile. Ilijaza karatasi nne, kwa sababu ya vivuli. BI. SIKUDHANI ANATAKA KUJUA KIDOLE CHAKE KILIFANYA NINI.

Ilieleza kwamba miaka kumi na moja iliyopita wazee waliletewa hati, karani akawaambia ni ya kuomba mashuka mapya ya wodi ya wazazi. Bi. Sikudhani akafurahi, akaweka dole wa kwanza. Miezi mitatu baadaye wodi ikatiwa kufuli. Mwaka uliofuata binti yake wa mwisho, Zamda, akashikwa na uchungu, wakampakia kwenye baiskeli kumpeleka mjini, akafia darajani yeye na mtoto. Bi. Sikudhani alipokwenda kuuliza wodi ilifungwa na nani, afisa alimwambia, "Wazee wenu wenyewe waliridhia." Tangu siku hiyo akipika anakitazama kidole, akiswali anakitazama. ANAKISHUKU KIDOLE CHAKE, Machano aliandika. ANATAKA KUSOMA ILE HATI KABLA HAJAFA.

Ripoti hiyo haikumfikia Mkurugenzi. Nilikuwa naipeleka, ikaniponyoka, ikaangukia nyuma ya kabati. Kabati lile ni zito sana.

Haukupita muda, wafadhili wakafurahishwa na zile picha. Wakaahidi kujenga Kituo cha Kimataifa cha Elimu Isiyo na Mwisho kwa Wazee, chenye kumbi nne, bwawa la kuogelea na vyumba themanini vya wageni watakaokuja kuwaangalia wazee wakisoma. Kilitafutwa kiwanja kizuri. Kikapatikana pale ilipo zahanati ya Kata ya Saba, na ikaonekana zahanati ndiyo iondoke. Hati ikaandikwa, kilichobaki ni ridhaa.

Siku ya ridhaa tukafunga turubai. Bendi ilikuwepo, soda zilikuwepo, Mkurugenzi alivaa suti yenye medali aliyojitunuku mwenyewe. Wazee kumi na wawili waliketi mbele. Nikasimama na hati, nikasoma kwa ufupi kama kawaida yangu. "Wazee wetu, hii ni hati ya shukrani. Mnaishukuru serikali kwa kuwakumbuka. Karibuni mweke dole."

Bi. Sikudhani akanyoosha mkono. "Naomba niione, mwanangu."

"Nimeshaisoma, mama."

"Nimesikia. Wewe umeisoma kwa mdomo. Mimi nataka kuisoma kwa macho."

Mbele ya wafadhili ningemnyima vipi? Akaishika kwa mikono miwili, akaanza. Midomo ilikuwa inacheza, sauti haitoki. Bendi ikapiga wimbo wa taifa, ikamaliza, ikaurudia, ikamaliza tena. Soda zikaisha gesi. Mkurugenzi alitabasamu mpaka mashavu yakamkakamaa. Baadaye Bi. Sikudhani akasimamisha kidole kwenye mstari mmoja, akamwonyesha Mzee Kibwana aliyekaa nyuma yake, naye akaitika kwa kichwa.

"Naomba kalamu," akasema.

"Kidole kinatosha, mama," nikamwambia, nikimsogezea wino.

"Hiki kidole bado nina neno nacho. Nipe kalamu."

Akaandika taratibu, herufi nene, bila kusahau kivuli upande wa kulia: ZAHANATI HII HAIUZWI. Akampa kalamu mwenzake. Mmoja baada ya mmoja wakaandika maneno hayo hayo, isipokuwa mzee mmoja aliyekuwa ameugua akakosa masomo ya mwisho. Huyo aliandika MBWA MKALI.

Wafadhili, ambao hawakuijua lugha yetu, walisimama wakapiga makofi kwa machozi. Wazee wameandika! Mkurugenzi naye ikabidi apige makofi. Zahanati ikabaki, maana hati ilishapigwa picha na kutangazwa kwenye magazeti ya ng'ambo, na huwezi kubomoa kitu ambacho watu wamekipigia makofi.

Idara haikulala. Ikatolewa amri kwamba mzee aliyejifunza kusoma amejivua uzee kwa hiari yake, hivyo wazee wote kumi na wawili wakaandikishwa upya kuwa vijana na kutakiwa kujitokeza kwenye mbio za mwenge. Ng'ombe hazeeki maini: wanne walikimbia mpaka mwisho. Sajini Machano alisoma fomu yake ya utumishi kwa mara ya kwanza, akagundua alizaliwa miaka minne baada ya mdogo wake wa mwisho. Akaisahihisha kwa mkono wake, kwa herufi zenye kivuli, na kesho yake akastaafu. Sasa anafundisha kujumlisha pale bandani. Nikaagizwa nitafute wazee wengine kumi na wawili wasiojua kusoma. Kata nzima niliizunguka na orodha. Kila niliyemuuliza kama anajua kusoma aliniomba kwanza aione hiyo orodha.

Hapo ningependa kuishia. Hadithi imekamilika, nchi ipo, mimi nipo kazini.

Ila Bi. Sikudhani alikuja masjala. Alikuja Jumatatu, saa mbili asubuhi, amevaa khanga mpya, akataka hati ya wodi ya wazazi kwa kifungu cha arobaini. Nikamwambia faili limekwenda makao makuu, aje kesho. Akaja kesho. Nikamwambia limekwenda kwa mkaguzi. Alikuja siku tisa. Nikimwambia asubiri, anaketi kwenye benchi na kusoma kila kitu kilichopo ukutani: USITEME MATE, kalenda, maelekezo ya kuzima moto, maneno ya Mkurugenzi yaliyomo kwenye fremu. Hayo ya fremu aliyasoma mara mbili, kisha akanitazama.

Siku ya kumi nikamwambia, "Mama, lile faili limeliwa na mchwa."

"Juzi lilikuwa makao makuu."

"Lililiwa hukohuko."

Hakubisha. Alikuwa anaangalia juu ya kichwa changu, na midomo yake ilikuwa inacheza. "Ri-dha-a," akasema. "Ridhaa za wazee. Kata ya Saba." Kisha akausoma mwaka. "Hilo hapo juu yako, mwanangu. Nishushie."

Nikalishusha. Ningefanya nini? Sheria ni sheria, na nje kwenye baraza walikuwa wamekaa wenzake kumi na mmoja, Mzee Kibwana akiwemo.

Hati aliitambua kwa dole lake. Kile kiraka cha zambarau, laini, juu ya mengine yote. Akaweka kidole chake juu yake kuhakikisha, kikaenea. Akaanza kusoma toka juu, kwa sauti, silabi kwa silabi, na adhana ya adhuhuri ilimkuta bado yumo. "Sisi wazee wa Kata ya Saba, kwa hiari yetu wenyewe, tunaiomba serikali iifunge wodi ya wazazi, kwa kuwa haina kazi." Pale kwenye *hiari yetu* alirudia mara mbili. Nadhani alifikiri amekosea.

Hakulia. Nilikuwa nimemwekea maji na hakuyagusa.

"Kumbe si wewe," akasema, na kumbe alikuwa anaongea na kidole. "Wewe hukujua kusoma."

Nilitaka kuifunga hati, akaweka kiganja juu yake. Palikuwa na mistari miwili imebaki, chini kabisa. Akaisoma. "Nathibitisha kwamba hati hii nimewasomea wazee neno kwa neno, nao wameielewa." Chini yake kuna sahihi, na chini ya sahihi kuna jina, la mwandiko wa mkono.

"Na hili ni jina la nani?"

Nikamwambia ni mwandiko wa zamani, wino umefifia, hata sisi tuliosoma, mwandiko huo unatushinda.

"Unasomeka," akasema.

Akainama. Jina lenyewe ni gumu. Lina mahali ambapo konsonanti tatu zimebanana, na najua kwenye ripoti za Machano kwamba mahali kama hapo wanafunzi wa Mzee Kibwana hukwama. Mungu anisamehe, nilimwombea akwame.

"Hi-zza," akasema. Kisha, "M... Mn..." Akainua kichwa, akanitazama kwa muda, akarudi kwenye karatasi. "Mndo-lwa. Hizza Mndolwa."

Halafu akaniuliza, kwa upole, kama mwanafunzi anavyomuuliza mwalimu, kama amesoma sawasawa.

Nikamwambia amesoma sawasawa.